Sifa za Mkata Nyasi

Mwanafunzi akipangiwa sekondari ya bweni nchini Tanzania, fomu ya kujiunga humfikia ikiwa na orodha ya vifaa: godoro, shuka, ndoo, sahani, fagio la chelewa. Mahali fulani katikati ya orodha hiyo huwa pameandikwa fyekeo, au kwanja kama wengine wanavyoliita. Mzazi hulinunua sokoni, hulifunga kamba ubavuni mwa tranka, na safari huanza. Wiki ya kwanza haiishi kabla mtoto hajajua kwamba chombo kile kina kazi mbili. Jumamosi ni cha usafi. Siku nyingine zote ni cha adhabu. Aliyechelewa namba apimiwe kipande akafyeke; aliyepiga kelele wakati wa prepo akafyeke; aliyenaswa akizungumza Kiswahili siku ya Kiingereza, naye akafyeke.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Nchi imejaa watu wazima, mawaziri na maaskofu wakiwemo, walioshika fyekeo kwa miaka minne au sita, na ni wachache mno kati yao wanaoliona kuwa chombo cha ufundi. Kukata nyasi kumebaki kazi ya mkosaji, au ya kibarua aliyekosa kingine cha kufanya. Jijini Mwanza, ambako karibu kila kiwanja cha kanisa kina mteremko na kila mteremko una mawe yake, dharau hiyo ina gharama, na gharama yenyewe huishia katika Ziwa Victoria.

Tuanze na mkono. Fyekeo ni bapa la chuma lenye mpini wa mti, limepindwa kuelekea ncha ili makali yalale sambamba na ardhi huku mkataji akiwa ameinama kiasi. Halina injini, halina vipuri, na dukani huuzwa likiwa butu. Kwa hiyo kazi huanza na tupa: kulinoa taratibu, pande zote mbili, maana mkono wa fundi hukata ukienda na hukata ukirudi. Asiyejua hupiga kwa nguvu za bega, na baada ya robo saa anahema, viganja vimetoka malengelenge. Anayejua huuachia uzito wa chuma ufanye kazi yake. Kiwiko hakiendi mbali na mwili, kifundo cha mkono ndicho kinachoelekeza, na miguu husogea nusu hatua kila baada ya mapigo mawili matatu.

Saa ya kukata nayo ni elimu. Alfajiri, umande ukiwa haujakauka, jani limejaa maji na limesimama wima. Makali yakipita, linakatika. Saa sita mchana jani lile lile limenyong'onyea, na fyekeo hulilaza tu bila kulikata. Kwenye mteremko fundi hukata akikingama kilima, kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi, hapandi wala hashuki. Kabla ya hapo hupita akiokota mawe. Mwanza jambo hilo halina hiari: mji wenye jina la utani la Jiji la Miamba umekaa juu ya matale, na jiwe moja dogo lililojificha majanini linatosha kuharibu makali ya nusu saa ya tupa, au kumrukia mpita njia usoni.

Halafu linakuja swali la kina: akate hadi wapi? Hapo ndipo ufundi unapoachana na adhabu. Mimea mingi hukua kwenye ncha, na ukiikata ncha umeirudisha nyuma. Nyasi hukua kutoka chini, karibu na udongo, ndiyo maana huweza kukatwa mara mia na kuchipua mara mia. Hata hivyo jani ndilo linaloilisha mizizi. Kanuni ya watunza bustani karibu duniani kote ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja. Ukizidisha, mizizi hufupika, udongo hupigwa na jua, na katika nafasi iliyoachwa wazi huingia ndago. Ndago zikishaingia, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kulima, haziagi.

Mwanafunzi aliyepimiwa kipande hana muda wa hesabu hiyo. Hukwangua mpaka udongo uonekane, kwa sababu mwalimu wa zamu atakagua kwa jicho, na jicho hupenda kinachong'aa. Hivyo shule inamfundisha, bila kukusudia, kwamba nyasi nzuri ni ile isiyokuwepo.

Wakataji wa kwanza wa nyasi katika nchi hii hawakuwa watu. Mashariki ya ziwa, Hifadhi ya Serengeti inanyoosha mkono wake wa magharibi hadi karibu kabisa na Ghuba ya Speke, na abiria wa basi la Mwanza kwenda Musoma hupita mbele ya lango la Ndabaka. Samuel McNaughton, mwanaikolojia wa Kimarekani aliyeitafiti mbuga hiyo kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1984 makala iliyoeleza jinsi makundi makubwa ya wanyama yanavyojitengenezea viwanja vya nyasi fupi, zilizosongamana na zenye lishe nyingi. Nyumbu wanakata, wanaacha mbolea, wanahama, nyasi zinapumzika na kuchipua, wanarudi. Kiboko naye, kando ya maji, hufanya vivyo hivyo kwa mtindo wake. Usiku hutoka majini na kula kilo 40 hivi za nyasi, akizinyofoa kwa midomo yake mipana, na sehemu alizozizoea hubaki fupi na sawa utadhani kuna mtu amelipwa kuzikata. Siri ya viwanja hivyo ni kuhama. Mnyama angebaki pale pale msimu mzima, pangekuwa vumbi.

Na nyasi zenyewe ni wenyeji. Ukoka, unaotambaa kwenye viwanja vya shule na makanisa kuanzia Nyegezi hadi Igoma bila kupandwa na mtu, ni wa jamii ya Cynodon, ile ile inayofunika viwanja vya gofu na vya mpira kusini mwa Marekani. Huko wazalishaji walichanganya ukoka wa kawaida na ndugu yake kutoka Afrika Kusini wakapata aina iliyo laini zaidi. Nyasi za Kikuyu, zilizotoka nyanda za juu za Afrika Mashariki, zilivuka bahari mwanzoni mwa karne ya 20, na leo Australia kuna wanaozitunza uani na kuna wanaozilaani kama gugu. Zipo pia zile za majani mapana zinazopenda hewa ya pwani, Stenotaphrum dimidiatum kwa wataalamu wa mimea, ambazo hata vitabu vya Kiingereza huzitaja kama nyasi za Pemba. Tajiri wa mjini anayetaka uwanja wake ufanane na wa Ulaya, mara nyingi anapanda kitu ambacho babu yake alikuwa akilishia mbuzi.

Fundi mwenyewe hanunui mbegu. Huenda pale ukoka ulipostawi, hung'oa, hukata vipande vyenye vifundo viwili vitatu, na huvipanda kwa mistari mvua za vuli zinapoanza mwezi Oktoba. Huvikandamiza kwa mguu, humwagilia siku za mwanzo, kisha huiachia mvua. Kufikia masika ya Machi mistari imeshikana. Gharama ni jasho na toroli moja la samadi.

Ulaya ilichangia jambo jingine: mashine, na pamoja na mashine, tamaa. Kabla ya mwaka 1830 uwanja wa nyasi fupi ulikuwa anasa ya mwenye jumba kubwa, aliyeweza kulipa kundi la watu wenye miundu au kufuga kondoo mbele ya madirisha yake. Mwaka huo Edwin Budding, fundi wa huko Gloucestershire nchini Uingereza, alisajili hataza ya mashine ya kukatia nyasi, wazo alilolichukua kwenye mashine za viwanda vya nguo zilizokuwa zikinyoa manyoya ya vitambaa. Kutoka hapo kila mwenye kijiuwanja aliweza kujifanya bwana mkubwa. Mwaka 2005 watafiti waliotumia picha za setilaiti walikadiria kuwa Marekani peke yake ina kilomita za mraba zipatazo 160,000 za nyasi za mapambo, ukijumlisha nyua, bustani za umma na viwanja vya gofu. Ziwa Victoria lote lina kilomita za mraba 68,800. Yaani maziwa mawili na zaidi ya nyasi zinazonyweshwa maji, mbolea na dawa, zikikatwa kila wiki, bila ng'ombe hata mmoja kula.

Wanaozikosoa bustani za namna hiyo wana hoja, na hoja hiyo inafika hadi Mwanza. Uwanja unaomwagiliwa kwa mpira mchana wa Agosti, ilhali mlimani kuna mama anayenunua maji kwa dumu, hauna mstari wa Biblia wa kuutetea. Uwanja wa Nyamagana katikati ya jiji umewekewa nyasi bandia, na kwa mpira wa miguu unaochezwa mvua na jua pengine ulikuwa uamuzi wa busara. Yako makanisa na kumbi ambazo nazo zimevutiwa na zulia hilo la plastiki kwa kuwa halihitaji mtu wa kulitunza. Hicho ndicho kinachotia shaka: furaha ya kumwondoa mtunzaji.

Lakini kosa kubwa la Mwanza liko upande wa pili. Kaya nyingi, shule nyingi na hata parokia nyingi huona fahari katika uwanja mtupu uliofagiwa, wenye mistari ya ufagio asubuhi. Sababu zake zinaeleweka. Nyoka haonekani majanini, mbu hujificha, na uwanja mweupe ni ushahidi kwamba nyumba ina watu wanaoamka mapema. Kwenye kijiji cha tambarare desturi hiyo haina madhara makubwa. Kwenye miteremko ya Igogo, Mabatini, Isamilo na Bugando mambo ni mengine. Mvua ya Mwanza, ambayo kwa mwaka hufikia milimita 1,000 hivi, haipendi kunyesha taratibu. Huja kwa vishindo vifupi vya alasiri au usiku. Tone linalopiga udongo mtupu huupasua, maji hayazami, yanateremka na mchanga wake. Mitaro hujaa. Mto Mirongo, unaokatiza katikati ya jiji, huwa mwekundu, na unachokibeba hukifikisha ziwani.

Udongo ukifika ziwani hautulii. Umebeba fosforasi, na pamoja na maji taka ya mji hulisha vitu visivyotakiwa. Gugu maji, mmea wenye asili ya Amerika ya Kusini, lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, likiingia pia kwa Mto Kagera, na ndani ya miaka kumi lilikuwa limeziba ghuba, mialo na njia za meli. Lilipunguzwa kwa kuachiwa wadudu wadogo, fukusi wa jamii ya Neochetina, wanaokula mmea huo tu, huku mradi wa pamoja wa Tanzania, Kenya na Uganda wa kuhifadhi mazingira ya ziwa ukianza mwaka 1997. Halikwisha. Mapema mwaka 2025 magugu ya majini yalikuwa bado yanakwamisha vivuko kati ya Kigongo na Busisi, miezi michache tu kabla Rais Samia Suluhu Hassan hajafungua daraja la kilomita 3 mahali hapo mwezi Juni. Daraja limewaokoa wasafiri. Samaki na wavuvi hawapiti darajani.

Nyasi iliyokatwa kwa kipimo ndiyo dawa rahisi kuliko zote kwa ugonjwa huu, na haihitaji mfadhili. Mizizi ya ukoka hushika udongo, majani hupunguza kishindo cha tone, maji huzama. Chini zaidi, ukingoni mwa ziwa, kazi hiyo hufanywa na matete na mafunjo yanayochuja tope kabla halijafika kwenye mazalia ya samaki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Wengi huisoma kama sheria ya kuzuia ujenzi. Mtunza nyasi huisoma vingine: ni ukanda ambao fyekeo linapaswa kutundikwa.

Hapa Kanisa lina la kusema, au lingepaswa kuwa nalo. Neno uwakili linajulikana sana katika makanisa ya Kanda ya Ziwa. Lina idara, lina wiki yake, lina mahubiri yake. Kwa bahati mbaya, mara nyingi limekuwa jina la heshima la matoleo. Mchungaji akitangaza Jumapili ya uwakili, waumini hushika mifuko. Na pale uwakili unapohusishwa na uumbaji, huhusishwa na miti. Hilo ni jema: Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania kuanzia mwisho wa mwaka 2015, alijijengea jina kwa kuhimiza upandaji miti Kilimanjaro, na vijana wa kipaimara wakaingizwa katika kazi hiyo. Mti una bahati. Una jiwe la msingi, una picha ya mgeni rasmi akishika koleo. Hakuna mgeni rasmi aliyewahi kupigwa picha akipanda ukoka.

Ilhali katika sura ya kwanza ya Mwanzo, majani ndiyo yanayotajwa mbele ya miti siku ya tatu, kabla ya samaki, ng'ombe na mtu. Katika sura ya pili, aya ya 15, mtu anawekwa bustanini akiwa na kazi mbili, kulima na kutunza, na pale hakuna kosa lolote ambalo limekwisha kutendeka. Kazi ya bustani haikuanza kama adhabu. Adhabu inakuja sura ya tatu. Shule zetu zimeanzia sura ya tatu.

Mwaka 1967 mwanahistoria wa Kimarekani Lynn White aliandika katika jarida la Science kwamba Ukristo wa Magharibi unabeba sehemu kubwa ya lawama kwa uharibifu wa mazingira, kwa kumfundisha mtu kuwa viumbe vyote vipo kwa ajili yake. Mabishano aliyoyaanzisha hayajaisha. Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alikiri kuwa Wakristo wamewahi kuyasoma vibaya Maandiko, na akairejea aya hiyo hiyo ya Mwanzo 2:15 ili kulima kusitenganishwe na kutunza. Mwaka huo huo aliiweka tarehe 1 Septemba kuwa siku ya Wakatoliki kuombea uumbaji, akiungana na Waorthodoksi walioianza mwaka 1989. Septemba, kwa Mwanza, ni mwisho wa kiangazi: nyasi zimekauka, mitaro iko wazi, mvua ziko njiani. Hakuna mwezi unaofaa zaidi kwa parokia kutazama miteremko yake.

Kuna jibu la zamani zaidi kwa White, nalo linahusu vifaa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6, katika sura ya 31 inamwagiza mtunza ghala wa monasteri avihesabu vyombo vyote vya nyumba na mali yake yote sawa na vyombo vitakatifu vya altare. Wabenediktini waliileta kanuni hiyo Tanzania, na Peramiho na Ndanda zilijengwa kwa msingi wake: karakana, mashamba, mifereji. Mtu akiichukua sura hiyo kwa uzito, fyekeo lililotupwa nje likaota kutu ni aibu ya aina ile ile ya kalisi iliyoachwa chafu. Na tupa inayopita juu ya makali saa kumi na moja alfajiri, kabla ya misa ya kwanza, imeshaanza ibada.

Injili nazo zinaijua nyasi. Katika habari ya kulishwa watu elfu tano, Marko hakusahau kutaja kuwa nyasi walizoketia zilikuwa mbichi, na Yohana anaeleza kuwa mahali pale palikuwa na nyasi tele. Ni habari ya kando ya ziwa, ingawa Ziwa la Galilaya ni dogo. Victoria inalizidi zaidi ya mara 400. Kabla ya mkate kugawiwa, palikuwa na suala la kawaida la mahali pa kuketi. Mtu yeyote aliyewahi kuandaa sherehe ya kipaimara au jubilei ya padri analifahamu suala hilo. Viti vya kukodi huisha. Wanaobaki hukaa chini. Kwenye vumbi watasimama. Kwenye ukoka watatandika kanga, watoto watalala, na chakula kitalika. Ndugu wa wagonjwa wanaosubiri saa ya kuona wagonjwa katika hospitali za misheni wanaujua uwanja wa nyasi kuliko mganga mkuu anavyoujua. Kwa watu hao uwanja ni samani.

Aliyewahi kuielewa vizuri zaidi nyasi kama mahali pa watu alikuwa padri Mkanada, David Clement, wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyeifanya Bujora pale Kisesa, nje kidogo ya Mwanza kwa njia ya Musoma, kuwa makao ya utamaduni wa Wasukuma. Kanisa lake limejengwa kwa umbo la nyumba ya msonge, na makumbusho yapo jirani. Kila Juni, majira ya sikukuu ya Ekaristi, hapo hufanyika Bulabo, mashindano ya ngoma kati ya vyama vya Bagika na Bagalu, na umati hukaa kuzunguka uwanja siku baada ya siku. Miongoni mwa ngoma zinazochezwa ni bugobogobo, ngoma ya jembe. Ilitoka kwenye vyama vya kulima kwa pamoja: kundi la vijana liliingia shambani likiwa na ngoma, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo, yakirushwa hewani na kudakwa. Kazi ngumu ya ardhi ilifanywa kuwa maonyesho na hakuna aliyeona haya. Hao hawakuhitaji kufundishwa kuwa mkono unaolima una heshima yake, waliushangilia. Inasikitisha kuwa mjukuu wao akipewa fyekeo shuleni analishika kana kwamba amepewa hukumu.

Wasukuma hao hao ndio wenye mfano mkubwa kuliko wote wa kutunza nyasi katika sehemu hii ya dunia, na hautumii makali hata kidogo. Unaitwa ngitili. Kutoka kingo za kusini za ziwa kuelekea Magu, Misungwi, Kwimba na hadi Shinyanga, mfugaji huchagua sehemu ya ardhi yake na kuifunga mvua zinapoanza. Hakuna ng'ombe anayeingia. Nyasi hukua, huzaa mbegu, hukauka zikiwa zimesimama, na humngoja mwenyewe hadi kiangazi. Zipo ngitili za familia, hekta chache tu, na zipo za kijiji kizima zinazolindwa kwa sheria za kimila. Anayeingiza mifugo kwa wizi hujibu mbele ya mkutano wa wazee, dagashida, na sungusungu huhakikisha faini inalipwa.

Desturi hiyo ilikaribia kufa. Wakoloni walihimiza misitu ifyekwe ili kuangamiza mbung'o, pamba ikachukua ardhi, na katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na maeneo yao, ngitili zikabaki bila wenyewe. Katikati ya miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikitajwa kuwa jangwa la Tanzania. Mwalimu Nyerere, ambaye sera yake ya vijiji ilikuwa na sehemu katika hali hiyo, na ambaye alikuwa mtoto wa pande hizi hizi za ziwa na Mkatoliki wa misa ya kila siku, aliliona vumbi hilo mwenyewe, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ukaanza mwaka 1986. Ngitili zilizoorodheshwa wakati huo zilikuwa kama hekta 600. Wataalamu walianza na vitalu vya miche, miti ya kigeni ikiwemo, wakakuta wakulima hawana shauku nayo sana. Wakulima walitaka kufunga ardhi zao kama babu zao. Wataalamu, kwa sifa yao, walisikiliza. Kufikia mwaka 2004 ngitili zilikuwa zimerudi kwenye zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji 833, na pamoja na nyasi zilirudi kuni, dawa, asali, ndege na chemchemi.

Ezekieli, katika sura ya 34, anawakemea kondoo walionona kwa kula malisho mema kisha kuyakanyaga kwa miguu yaliyobaki, wengine wasipate. Msukuma asiyewahi kufungua kitabu hicho ana utaratibu unaolijibu kemeo lile. Ngitili hufunguliwa Julai au Agosti, malisho ya nje yakiwa yamekwisha. Haifunguliwi yote; kipande kimoja huliwa hadi kiishe ndipo kingine kifunguliwe. Na wanaoingia kwanza ni ndama na mama zao, ng'ombe waliozeeka na walio dhaifu, na maksai ambao Oktoba mvua ikigonga watatakiwa kuvuta plau. Fahali na kundi lenye afya hubaki nje, wakitafuna mabua ya mahindi, nyasi zikiwa mbele ya macho yao.